Tuachane na adapta za pini ya duara: kuweka USB-C ya chaji ya haraka kwenye saketi unazotengeneza mwenyewe (Arusha na Moshi tukutane hapa)

#1 Fundi wa Kijenge

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Uzi huu ni wa wale wanaotengeneza vitu vyao wenyewe: redio, taa za LED, vidhibiti vya mashine za kutotolea vifaranga, spika, vipima joto vya ESP32 (kile kichipu cha kompyuta ndogo chenye WiFi) na vinginevyo. Najua tupo wengi kuanzia Sakina mpaka Tengeru, na Moshi pia, wakiwemo vijana wa Chuo cha Ufundi Arusha ambao kazi zao naziheshimu sana.

Ninachotaka tuachane nacho ni adapta za pini ya duara. Nyumba moja unakuta ya 5V, ya 9V, ya 12V na ya laptopu ya 19V, na pini zake karibu zote zinaingiliana. Mtoto anachomeka ya laptopu kwenye ruta, ruta inakufa. Au adapta yenyewe inakufa, kifaa kizima kinalala kabatini kwa kukosa volti ile. Huku kila sebule sasa ina chaja ya USB-C, na zitazidi kuja: Umoja wa Ulaya umelazimisha simu mpya zinazouzwa kwao ziwe na tundu la USB-C tangu tarehe 28 Desemba 2024, na Apple walishahamia huko na iPhone 15 mwaka 2023.

Ila chaja ya USB-C si adapta. Adapta ukiipachika ukutani inatoa volti zake hapohapo, kifaa kiwepo kisiwepo. Chaja yenye tundu la C inakaa sifuri mpaka ihakikishe kuna kifaa upande wa pili. Ikishahakikisha inatoa 5V, na haipandi zaidi ya hapo mpaka kifaa kiombe kwa lugha inayoielewa. Wengi wanaosema "USB-C inasumbua" wameruka hatua hiyo ya kuomba. Mimi nasema ukishajua kuomba, hakuna chanzo cha umeme kilicho salama na rahisi kupatikana mjini hapa kuliko hiki.

Tuanze na 5V, maana hapo ndipo vifaa vingi vinapokwama. Kuomba kunafanyika kwenye pini mbili zinazoitwa CC1 na CC2. Kwenye soketi ni A5 na B5. Kila moja inataka rezista yake ya 5.1k (yaani ohm 5,100) kwenda hasi. Chaja nayo ina rezista upande wake inayoivuta pini hiyo juu, na volti inayopatikana kati yao ndiyo ujumbe wenyewe. Weka mita kwenye pini ya CC iliyo hai usome. Ukikuta kama 0.4V, chaja inakwambia uchukue kiwango cha kawaida cha USB tu. Kama 0.9V, una ruhusa ya 1.5A. Kama 1.7V, una 3A kamili, yaani wati 15. Hapo hujatumia chipu wala programu, ni rezista mbili tu.

Nasisitiza mbili, kila pini na yake. Raspberry Pi 4 ilipotoka mwaka 2019 ilikuwa imeunganisha CC zote mbili kwenye rezista moja. Kwa nyaya za kawaida iliwaka vizuri. Kwa nyaya zenye chipu ya utambulisho ndani yake, zile za laptopu, chaja iliona upinzani mdogo pande zote mbili, ikadhani imechomekewa kifaa cha sauti, ikagoma kutoa umeme. Wakarekebisha toleo lililofuata la bodi. Kama kampuni yenye wahandisi wake iliteleza hapo, basi na sisi tuwe makini.

Karibuni maswali. Nikipata nafasi nitaendelea na 9V, 15V na 20V.

#2 Kijana wa Ngarenaro

Mkuu umenigusa. Nina taa ya kuchaji niliyounda kwa betri za 18650 za laptopu na kile kibodi (bodi ndogo) cha kuchajia cha TP4056 chenye tundu la C. Kwa waya wa zamani, ule wa USB kubwa upande mmoja, inachaji vizuri. Kwa waya wa C pande zote mbili haichaji kabisa. Nimebadilisha waya mpaka nimechoka. Tatizo ni hilohilo?

#3 Fundi wa Kijenge

Ni hilohilo mdogo wangu. Tundu la USB kubwa la zamani linatoa 5V muda wote bila kuuliza chochote, na waya wake wa kwenda C umebeba rezista yake humo ndani. Kwa hiyo bodi isiyo na rezista za CC inapona ikitumia waya huo. Ukija na waya wa C kwa C, chaja inatafuta zile 5.1k, haioni mtu, inabaki sifuri. Wauzaji wa bodi za bei ya chini huziruka rezista hizo ili wapunguze gharama.

Geuza bodi uangalie nyuma ya soketi kwa kioo cha kukuzia. Kama ni soketi ya pini sita, ile ya umeme tu, utaona pini mbili za chanya, mbili za hasi, na mbili za CC. Tafuta zilipoishia CC. Bodi nyingine zina sehemu mbili za rezista zilizoachwa wazi, hapo unapachika za kulehemu juu ya bodi na kazi imeisha. Kama hakuna sehemu, chukua rezista mbili ndogo za miguu, kata miguu iwe mifupi, lehemu moja moja kutoka kwenye pini ya CC hadi kwenye ganda la soketi, lakini kwanza pima kwa mita kama ganda limeunganishwa na hasi. Ncha ya pasi iwe nyembamba, risasi kidogo. Ukimaliza pima upinzani wa kila CC kwenda hasi: usome 5.1k pande zote, na kati ya CC1 na CC2 usome kama 10.2k. Ukisoma sifuri una shoti, usichomeke.

Angalizo moja kuhusu TP4056: mwisho wake ni 8V. Usije ukafuata maelezo yangu yanayokuja ya 9V ukaipa hiyo chipu.

#4 Sauti ya Pasua

Mimi nipo Moshi, Pasua. Nina bodi ya amplifaya ya TPA3116, nimetengenezea boksi la mbao la mninga, spika mbili za inchi sita. Adapta ya 24V imekufa. Nina chaja ya simu imeandikwa 33W, tundu lake ni lile la zamani. Nikibadilisha soketi nikaweka USB-C, itanipa 24V? Naomba maelezo taratibu, sikusomea umeme, nimejifunzia mtaani.

#5 Fundi wa Kijenge

Karibu ndugu yangu, na mtaani ndiko wengi wetu tulikosomea.

Chaja yako hiyo haitafaa, na si kosa lako maana maandishi makubwa kwenye boksi yanapotosha. Zile wati 33 mara nyingi zinatoka kwa lugha ya siri ya mtengenezaji wa simu husika, na kwa tundu la zamani lugha ya USB PD (Power Delivery, lugha ya pamoja ya kuomba volti) haipiti kabisa, kwa sababu PD inasemwa kwenye waya wa CC na tundu la zamani halina waya huo. Soma maandishi madogo mgongoni mwa chaja, pale palipoandikwa volti na ampea. Hayo ndiyo ya kweli kwako. Unatafuta chaja yenye tundu la C iliyoandikwa PD, na orodha ya volti zake imechapishwa.

Orodha ya lazima ya PD ni 5V, 9V, 15V na 20V. Inapanda na wati: chaja ikizidi wati 15 inatakiwa iwe na 9V, ikizidi 27 iongeze 15V, ikizidi 45 iongeze 20V. Toleo la 3.1 la mwaka 2021 lilileta 28V, 36V na 48V mpaka wati 240, lakini kwa kazi zetu chaja hizo bado hatuzihitaji. 24V haimo kwenye orodha. Habari njema ni kwamba TPA3116 inakubali kuanzia 4.5V mpaka 26V, kwa hiyo 20V inaipenda vizuri tu. Utapoteza sauti kidogo ya juu kabisa ambayo majirani zako hawataidai.

Tafuta chaja ya laptopu ya wati 65 yenye USB-C. Kumbuka waya: kupita 3A panahitajika waya wenye chipu ya utambulisho. Ukitumia waya wa kawaida, chaja itakuwekea mwisho wa 3A, yaani wati 60. Kwako zinatosha.

Sasa kuomba hizo 20V. Rezista peke yake haiwezi, maana hapa chaja na kifaa vinabadilishana ujumbe wa kidijitali kwenye CC. Unahitaji chipu ya kuomba. Ninayoitumia zaidi ni CH224K kwa sababu haihitaji programu: unaiambia volti kwa rezista moja tu kwenye pini ya CFG1 kwenda hasi. 6.8k inaomba 9V, 24k inaomba 12V, 56k inaomba 15V, na ukiacha wazi inaomba 20V. Inauzwa ikiwa imeshalehemewa kwenye kibodi kidogo kuliko ukucha wa dole gumba. Mimi huagiza Kariakoo, mzigo unapanda basi. Ziko nyingine: STUSB4500 unayoiandikia volti na ampea kupitia I2C (nyaya mbili za data) ikazikumbuka hata umeme ukikatika, na FUSB302 kwa wanaotaka kuandika programu ya PD wenyewe kwenye maikrokontrola. Hiyo ya mwisho ni shule kubwa, lakini kwa spika ya sebuleni ni kujitesa.

Kabla hujagusa amplifaya, chomeka kibodi peke yake na upime. Ukisoma 20V, toa waya, subiri ishuke, ndipo uunge. Kila mara, hata kwa kibodi ulichokitumia jana.

#6 Mdau wa Njiro

Mkuu kwa nini kwenye orodha umeiruka 12V? Vitu vyetu vyote ni 12V: ruta, LED za utepe, pampu ndogo, feni. Nilinunua kibodi kimeandikwa 12V. Kwa chaja ya ofisini kinatoa 12V safi, kwa chaja ya mke wangu kinatoa 9V. Kibovu au?

#7 Fundi wa Kijenge

Si kibovu. 12V kwenye PD ni hiari ya mtengenezaji. Ilikuwemo kwenye mpangilio wa mwanzo kabisa, ikaondolewa kwenye orodha ya lazima. Chaja ya ofisini inayo, ya shemeji haina, na kibodi chako kikakubali kilichopo chini yake. Kibodi kingine kingebaki 5V.

Hili ndilo jambo ninaloomba tulizingatie kuliko yote kwenye uzi huu: usijenge kifaa kinachotegemea 12V kutoka kwenye chaja usiyoijua. Omba 15V au 20V, kisha shusha mwenyewe hadi 12V kwa moduli ya kushushia ya aina ya swichi. MP1584 inapokea mpaka 28V na ni ndogo. LM2596 inapokea mpaka 40V, ila feki zimejaa, ipime ikiwa na mzigo kabla hujaiamini. Kama kifaa ni cha 5V au 3.3V, omba 9V, kwa sababu 9V ipo hata kwenye chaja ya wati 20.

Kuomba volti kubwa kuna faida nyingine. Chukua waya wenye upinzani wa ohm 0.2 kwenda na kurudi, wati 15 za mzigo. Kwa 5V inapita 3A, waya unakula 0.6V na wati 1.8 zinaishia kwenye joto. Kifaa kinapata 4.4V kinaanza kuyumba. Kwa 20V inapita 0.75A, waya unakula 0.15V na joto ni wati 0.11 tu. Waya ni uleule.

Hata pasi za kulehemu za USB-C zinalifuata hilo. Ncha yenye upinzani wa ohm 8 ukiipa 9V inatoa wati 10, huyeyushi kitu cha maana. Ukiipa 20V inatoa wati 50, unalehemu hadi pini ya hasi yenye shaba nene.

#8 Dada wa Sakina

Wakuu, mimi yamenikuta. Nilikuwa na kile kibodi cha PD chenye kitufe na taa ya rangi, unabonyeza kinabadilisha volti. Nilikifunga ndani ya boksi la kipima unyevu wa udongo, kimewekwa 9V, pini ya 5V ya ESP32 nimeipitishia hapohapo maana niliambiwa ina regulata yake inayohimili. Wiki iliyofuata nikakuta ESP32 imekufa na taa ya kibodi imebadilika rangi. Nadhani kitufe kiliguswa nilipokuwa nafunga kifuniko.

#9 Fundi wa Kijenge

Pole sana dada. Asante kwa kuweka hapa, maana wengi wanavyo vibodi hivyo.

Kibodi cha kitufe ni cha mezani, cha kujaribia. Kikishaingia ndani ya kifaa kinachofungwa, volti iwekwe kwa rezista iliyolehemewa, isiwepo njia ya kuibadilisha kwa kidole.

Hata ile 9V yenyewe ilikuwa inaitesa. Regulata ya bodi nyingi za ESP32 ni ya familia ya AMS1117, mwisho wake ni 15V, na inashusha kwa kugeuza ziada kuwa joto. Kutoka 9V kwenda 3.3V kwa 0.25A inachoma zaidi ya wati 1.4, na kile kichipu hakina bati la kupoozea. WiFi ikianza kurusha data inapanda joto mpaka inajizima. Ipe ESP32 5V kutoka kwenye MP1584, itakaa miaka.

Sasa sikilizeni hili la CH224K, linahusu usalama. Nimesema ukiacha CFG1 wazi inaomba 20V. Maana yake rezista yako ya 6.8k ikiachia, labda risasi ilikuwa baridi au boksi limeanguka, kifaa chako cha 9V kitaamka siku moja na 20V. Kwa hiyo kila kinachofuata baada ya chipu hiyo kiwe kinahimili 20V na ziada, hata kama umeomba 9V: moduli ya kushushia, kapasita za kuingilia (ziwe za 35V), kila kitu. Na rezista hiyo ivutwe kwa kibano baada ya kulehemu kuhakikisha imeshika.

#10 Mama wa Usa River

Fundi mwanangu, nafuatilia hapa nikiwa na mwanangu wa kidato cha tatu ananisomea yale ya rezista. Nina mashine ya kutotolea mayai ya 12V, ina waya wa joto wati 30 na feni. Umeme ukikatika usiku mayai yanapoa. Mwanangu anasema pawabenki kubwa ya USB-C ya 20,000 mAh itatosha usiku kucha na kwamba tuombe tu 15V. Nisaidie kabla sijatoa hela.

#11 Fundi wa Kijenge

Shikamoo mama.

Kijana amefuatilia vizuri, ila kuna mawili ya kurekebisha.

La kwanza, waya wa joto uliopimwa kwa 12V usiupe 15V moja kwa moja. Nguvu inapanda kwa mraba wa volti: wati 30 zinakuwa karibu 47. Thermostati itajitahidi kukata, lakini waya utakuwa unapata moto kuliko ulivyokusudiwa ndani ya boksi lenye mayai. Ukiupa 9V nako zinashuka hadi 17, na hapa kwetu Juni na Julai, baridi ya Meru ikishuka, hazitafikisha nyuzi joto 37.5 kama boksi halijawekewa povu zuri la kuzuia joto lisitoke. Kwa hiyo omba 15V au 20V, shusha hadi 12V kwa moduli ya angalau 5A, ndipo uingie kwenye mashine. Pawabenki iwe imeandikwa kwamba inatoa volti hiyo kwa wati 45 na kuendelea.

La pili, muda. Ile 20,000 mAh ni ya betri ya 3.7V ndani yake, inakuwa kama wati-saa 74. Ukitoa hasara za kupandisha na kushusha volti, hesabu kama 60. Waya wa wati 30 ukiwaka mfululizo unamaliza kwa saa mbili. Boksi likiwa limezibwa vizuri waya unawaka sehemu tu ya muda, pengine utafika saa nne au tano. Usiku kucha hapana. Kwa umeme unaokatika saa moja na kurudi, pawabenki inafaa. Kwa usiku mzima, betri ya 12V ya sola ndiyo yako, na kazi ya USB-C ibaki kwenye feni na kidhibiti.

Jambo jingine la kuuliza dukani: pawabenki nyingi haziwezi kuchajiwa na kutoa umeme kwa pamoja, na hata zinazoweza hukata kidogo umeme wa ukutani unapopotea. Waya wa joto haujali mkato huo, ila kidhibiti chenye kumbukumbu ya kugeuza mayai kinaweza kuanza upya. Kapasita ya maikrofaradi 4700 kwenye mstari wa 5V wa kidhibiti, baada ya moduli ya kushushia, itakibeba ukiwa mkato mfupi.

Kabla ya hela ya pawabenki, mama, nunua povu la kuzibia boksi. Ni siku 21, na kila joto usilolipoteza hulilipii.

#12 Mama wa Usa River

Marahaba mwanangu. Tunaanza na povu. Ubarikiwe.

#13 Mzee wa Sola Tengeru

Nimesoma yote na ninakubaliana na mengi, ila hili la kuachana na pini ya duara kabisa silikubali. Vijijini huku watu wana betri ya 12V na paneli. Ukimwekea USB-C peke yake umemfungia mlango. Mimi naweka vyote viwili: USB-C na viunganishi vya skrubu.

#14 Fundi wa Kijenge

Mzee wangu, hoja yako ina uzito na naipokea. Kwa mwenye betri, skrubu ni sahihi zaidi hata kuliko pini ya duara. Sharti ni moja tu: betri isirudishe umeme kwenye tundu la USB-C. Chaja inakagua kwamba tundu lina sifuri kabla haijatoa kitu. Ikikuta volti ya betri pale inagoma, au inadhurika. Diodi ya Schottky kila upande, 1N5822 kwa mzigo usiozidi 3A, inatosha. Unapoteza kama nusu volti. Wenye mzigo mkubwa watumie transista ya MOSFET badala ya diodi.

#15 Kijana wa Ngarenaro

Rezista zimekubali mkuu, inachaji kwa waya wowote! Swali la mwisho: nina chaja yenye matundu matatu. ESP32 yangu inafanya kazi vizuri, lakini kila nikichomeka simu tundu la pembeni inajizima na kuwaka upya. Na nikiiweka kwenye pawabenki, baada ya muda mfupi pawabenki inajizima yenyewe.

#16 Dada wa Sakina

Hilo la pawabenki nalijua: inaona mzigo ni mdogo mno ikidhani simu imejaa. ESP32 ikilala inavuta kidogo sana. Tafuta pawabenki yenye hali ya mzigo mdogo, nyingine unabonyeza kitufe mara mbili. Au iamshe ESP32 kila baada ya sekunde kadhaa ivute mkondo kidogo kupitia rezista.

#17 Fundi wa Kijenge

Dada amejibu vizuri. Kuhusu matundu matatu: wati za chaja zinagawanywa. Simu ikiingia, chaja nyingi hukata matundu yote kwa muda mfupi, hugawa upya, kisha kila kifaa huomba tena. Huwezi kuizuia chaja, ila unaweza kukihami kifaa: ama chaja ya tundu moja kwa kitu kisichotakiwa kuzima, ama betri ndogo katikati.

#18 Sauti ya Pasua

Nimepata chaja ya 65W na CH224K. Kibodi peke yake kinasoma 20.1V. Nikiunga amplifaya, taa inawaka, inazima, inawaka, inazima, na spika zinapiga "tap tap". Nimejaribu chaja ya rafiki yangu, hivyohivyo. Amplifaya kwenye adapta ya kuazima inafanya kazi.

#19 Fundi wa Kijenge

Angalia karibu na pale umeme unapoingia kwenye bodi ya amplifaya. Kuna kapasita kubwa za silinda, moja au mbili, pengine jumla maikrofaradi 2200 hivi. Kanuni ya USB inataka kifaa kinapochomekwa kisiwe na zaidi ya maikrofaradi 10 kwenye mstari wa umeme. Zako ni mara mia mbili na zaidi. Kapasita tupu kwa chaja inaonekana kama shoti, inajikinga, inazima, inajaribu tena. Adapta ya zamani ilikuwa inavumilia tu.

Dawa ni kuzijaza polepole. Tafuta MOSFET ya aina ya P (P-channel), IRF4905 ni nzuri na ina mwili mkubwa wa kulehemu kwa urahisi. Mguu wa sosi uende kwenye 20V ya kibodi, wa dreni uende kwenye chanya ya amplifaya. Kati ya geti na sosi weka rezista ya 220k na kapasita ya maikrofaradi 10 ya 35V zikiwa sambamba, chanya ya kapasita iangalie sosi. Kutoka geti kwenda hasi weka 220k nyingine. Rezista mbili zinagawa 20V, geti inapata tofauti ya 10V, ambayo ni salama kwa transista hiyo na inaifungua kikamilifu. Kapasita inachelewesha: chaja inapata muda wa kukubaliana kwanza kwenye 20V, ndipo transista inaanza kufunguka taratibu na kapasita za amplifaya zinajaa bila kuishtua chaja.

Ukizima usiwashe papohapo, subiri sekunde kadhaa ile kapasita ya maikrofaradi 10 iishe umeme.

#20 Sauti ya Pasua

Fundi, imekubali! Sekunde kama moja kimya, halafu inawaka bila "tap". Nimepima nikiwa nimefungulia muziki kwa sauti kubwa: 19.8V na mkondo unacheza chini ya 2A. Transista ni vuguvugu tu. Kabla sijafunga boksi nataka kuweka fyuzi. Ninayo ya 4A, inafaa?

#21 Fundi wa Kijenge

Hongera sana, umefanya kazi safi.

Ya 4A haitakusaidia. Chaja yako mwisho wake ni 3.25A, itajizima kabla fyuzi haijahisi kitu. Weka ya 2.5A ya aina inayochelewa kukatika, ili mdundo wa besi usiikate bure. Iwekwe kwenye chanya, karibu kabisa na kibodi cha PD, kabla ya transista, ili shoti ikitokea kwenye transista yenyewe nayo iwe imekingwa. Na soketi ya USB-C ifungwe kwenye mbao kwa skrubu au kwa bamba. Usiiache inaning'inia kwenye risasi peke yake, maana kuchomeka na kuchomoa kila siku ndiko kunakozing'oa zile pini za CC.

Ukishafunga, weka picha hapa.